Shaba inatoka, kitenge kinaingia: kazi ya watoto wetu inabaki wapi?

Ndugu musomaji, na wewe mama musomaji, kabla ya kuendelea na ukurasa huu simama kidogo, uzunguke nyumba yako. Angalia sufuria, ampule, kaye za watoto, kitenge cha Siku ya Mungu, sabuni, mufuko wa unga pembeni ya jiko. Uulize kila kitu: «Ulitengenezwa wapi?» Kwa nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kambove ao Fungurume, majibu yatafanana: Chine, Zambia, Afrika ya Kusini, Inde, Tanzania. Sasa inua macho, uangalie waya yenye kuleta umeme ku ampule. Ndani yake ni shaba. Inawezekana ile shaba ilichimbwa kilometa chache na pale unapokaa, ikapanda kamyo, ikavuka bahari, ikavutwa kuwa waya, kiisha ikarudi kwako dukani na bei ya safari zote mbili.

Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni inchi ya 2 duniani, nyuma ya Chili. Mwaka ule ule uchumi wa inchi ulikua kupita 6 kwa mia. Ni hesabu nzuri, hatuikatai. Lakini baba mwenye kijana wa diplome ya elektrisite, kijana mwenye kupeleka dosie kila mwezi ku mulango wa kompani, yeye ana ulizo moja: «Kama kuna kukua, kunakua kwa nani?» Tutajaribu kujibu, na tunakuonya tangu sasa kwamba jibu lina pande mbili. Biashara na inchi za nje inaleta kazi, tena inaua kazi, na mara ingine inafanya yote mawili siku moja, katika jamaa moja.

BIASHARA HAIKUANZA JANA

Wengine wanawaza kwamba biashara ya mbali ilifika huku pamoja na Wazungu. Hapana. Kabla yao, Basanga na majirani zao walichoma mawe ya kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba na kuifanya misalaba, waya, bangili na majembe. Monseigneur de Hemptinne, Mubenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita walaji wa shaba, maana ile kazi njo ilikuwa inawalisha. Angalia vizuri: wale wazee hawakuuzisha mawe. Waliuzisha kitu kilichokwisha kutengenezwa, na misalaba yao ilitembea mbali sana, ikawa sawa feza.

Kiisha akakuja Msiri kutoka Unyamwezi, akajenga Bunkeya. Pale paliungana njia mbili kubwa, moja ya kwenda Zanzibar, ingine ya kwenda Benguela. Shaba na pembe za tembo zilitoka. Tuseme kweli, na watu walitoka, wamefungwa minyororo. Nini iliingia? Bunduki, baruti, ushanga, na vitambaa vya pamba, vile watu wa pwani waliita merikani kwa sababu vilitoka Marekani. Wakati merikani ilifika kwa wingi, mufumaji wa raffia akaanza kukosa wa kumununua. Yeye pengine njo mutumishi wa kwanza wa Katanga aliyepoteza kazi juu ya kitu cha ngambo, na hakuna aliyeandika jina lake. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891. Mwaka ule ule, ku Roma, Papa Leo wa 13 alitoa barua yake Rerum novarum juu ya watumishi na mushahara wa haki. Huku kwetu ile barua ilikawia sana kufika.

WAKATI KOMPANI ILIJITENGENEZEA VITU

Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilimiminwa Lubumbashi mwaka 1911. Ku mwanzo wa mwaka 1967 Serikali ikachukua ile kompani, na nyuma ikajulikana na watu wote kwa jina la Gécamines. Wazee wetu bado wanaiita paka «Kompani», sawa vile hakuna ingine.

Hapa tunaomba musomaji kijana asikilize, kwa sababu jambo hili linasahaulika. Gécamines haikuwa shimo tu na tanuru. Kule Likasi kulikuwa na karakana kubwa za Panda, mahali mafundi walimimina chuma na kuchonga vipande vya mashini. Kipande kikivunjika ku Kolwezi, mara nyingi hakikutafutwa Ulaya, kilitengenezwa Panda. Kulikuwa minoterie ya Kakontwe ya kusaga mahindi kwa posho ya watumishi. Kulikuwa shule za ufundi, ambapo kijana wa miaka 15 alifundishwa kushika lima na kusoma mupango wa mashini. Shaba ilienda ngambo, ndiyo, lakini kazi nyingi zenye kuzunguka ile shaba zilibaki hapa. Mutu mumoja wa ku shimo alikuwa na wenzake wawili watatu wa nje ya shimo: muchomeleaji, musagaji, dereva wa treni, mushonaji wa mavazi ya kazi.

Hatusemi ilikuwa paradiso. Kompani iliamua mpaka vyakula vya mama jikoni, na feza nyingi za shaba zilipotelea Kinshasa na mbali zaidi. Kwa upande wetu tunaona wazee wanaipamba ile siku kupita kipimo. Hata hivi, kipimo kimoja hakidanganye: mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba, na ilikuwa na watumishi kupita 30,000. Leo inchi inatoa mara sita ya ile shaba. Nani ameona kazi za Likasi zikiongezeka mara sita?

Kuanguka kwenyewe munakujua. Mwezi wa 9 mwaka 1990 sehemu kubwa ya mugodi wa Kamoto ilibomoka. Mwaka 1991 na 1993 askari na watu wakapora miji ya inchi. Fujo za 1992 na 1993 zikafukuza ku Likasi na Kolwezi jamaa nyingi za Kasai, na pamoja nao mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi. Ilipofika mwaka 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa tani 30,000 hivi tu. Mwaka 2002 ikatoka Kode mupya ya Madini, ya kuita kompani za nje. Mwaka 2003 ikakuja ile yenye wenyeji waliita «départ volontaire»: watumishi kupita 10,000 walipewa feza za mara moja, wakarudi nyumbani. Wengine walinunua kamyoneti, wengine mashini ya kusaga, wengine walikula na kumaliza. Shaba ikaanza kupanda tena, lakini karakana hazikuamuka pamoja nayo. Kompani mupya inakuja na mashini zake, na kipande kikivunjika inapiga simu Johannesburg ao Shanghai.

Ndugu, hii njo kiini cha habari yetu. Shaba kutoka siyo kosa. Shida iko ku vitu vyenye kuizunguka: kama vyote vinatoka nje, kazi zake nazo ziko nje.

KITENGE NA BALOTI

Tuache shaba kidogo, tushike nguo, maana nguo inaeleza mambo kwa wepesi zaidi.

Kalemie kulikuwa na kiwanda cha kufuma na kutia rangi vitambaa, FILTISAF. Pamba ililimwa katika vijiji vya inchi, ikapimwa, ikafika kiwandani, ikatoka kitenge. Kinshasa kulikuwa Utexléo, iliyoanza katika miaka ya 1920. Kisangani kulikuwa SOTEXKI. Mulimaji, dereva, mufumaji, mupiga rangi, mama wa soko, fundi wa cherehani: wote walikula ku uzi mumoja. Leo mashini za Kalemie zimenyamaza tangu miaka mingi, na kitenge unachofunga kimetoka Chine, ao kwa wenye mufuko munene, Uholanzi.

Nani aliua kile kiwanda? Mutu wa haraka atajibu: «Bachinois.» Lakini kabla Chine haijafika na bei zake, barabara za kufikisha pamba zilikuwa zimeharibika, mulimaji alikuwa analipwa kidogo na kwa kuchelewa, akaamua kupanda mihogo. Feza ya Zaïre ilikuwa inayeyuka kila juma, kununua vipande vya mashini ikawa kama kununua mwezi wa mbinguni. Kiisha vita. Bidhaa ya ngambo ilikuta mugonjwa amelala tayari.

Jirani yetu Zambia anatupa mufano mwingine. Kule hakukuwa vita. Mwaka 1991 serikali mupya ilifungua milango ya biashara kwa haraka sana, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaingia kwa baloti. Wenyewe wanaziita salaula, maana yake kuchagua kwa kupekua. Viwanda vya nguo vya Livingstone na Kafue vilianza kufunga kimoja nyuma ya kingine. Kabwe kulikuwa kiwanda kikubwa cha Mulungushi, kilichojengwa kwa musaada wa Chine. Nacho kikasimama mwaka 2007. Lakini uende sokoni Ndola, uulize mama mwenye kuuzisha salaula: atakuonyesha watoto aliowasomesha na ile baloti. Kiwanda kilipoteza mamia ya kazi mahali pamoja, kwa siku moja, na watu wakaona. Baloti ilileta kazi ndogo ndogo mahali pengi, hazina mushahara wa mwisho wa mwezi, hazina daktari wa kompani, na hazihesabiwe na mutu.

Na kuna mutu wa tatu, wewe mununuzi. Baba mwenye watoto 6, mwenye kulipa minervale, akipata suruali ya baloti kwa bei ya chini, feza inayobaki inakwenda ku kaye na dawa. Mutu akikuambia biashara ya nje ni mubaya tu, muulize kwanza amevaa nini. Lakini akikuambia ni nzuri tu, muulize fundi wa cherehani wa pale mutaani, yule mwenye kurekebisha siku hizi nguo za wengine kwa sababu hakuna anayemuletea kitambaa kipya ashone.

CHUPA YA KASUMBALESA

Mwaka 2024 tulipata somo kubwa, na lilitokea ndani ya chupa. Wizara ya biashara ya inje ya Kongo ilikataza kwa miezi 12 kuingiza bia na vinywaji vya sukari. Neno lilikuwa hili: Lubumbashi tuko na kiwanda cha bia ya Simba na wengine wenye kutengeneza vinywaji, na vile vya Zambia vinaingia kwa bei ya chini, vinaua viwanda vyetu. Haikuwa uongo. Zambia ina sukari yake ya Mazabuka, umeme wake kwa miaka mingi ulikuwa wa bei nafuu kuliko wetu, na barabara yake inafika mpaka ku mupaka. Kwetu mwenye kiwanda anawasha jenereta wakati SNEL inakata, kiisha anapokea kila juma mugeni mupya mwenye kartasi ya taksi.

Zambia ikajibu. Tarehe 10 mwezi wa 8 ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa siku chache makamyo yakajipanga, kilometa na kilometa, na ndani yake kulikuwa nini? Shaba na kobalti zenye kwenda Dar es Salaam, Durban na Beira. Asidi na mashini zenye kukuja ku migodi. Unga. Chupa ya kinywaji ilisimamisha madini ya inchi nzima! Inchi mbili zikazungumza upesi na mupaka ukafunguliwa tena.

Wale wenye kusifu katazo walisema: inalinda kazi za watoto wetu wa kiwandani. Tunakubali kwamba kiwanda kichanga kinahitaji kulindwa. Hata inchi zenye nguvu leo zilifanya vile wakati zilikuwa changa. Lakini katazo lenye kushuka gafula, bila umeme, bila kupunguza wingi wa taksi ndogo ndogo, linafanya nini? Bei inapanda kwa mununuzi, kiwanda cha hapa kinapata faida bila kuongeza hata mutumishi mumoja, na ku mupaka njia za panya zinajaa. Mama mwenye kubeba katoni 2 ku kinga anakamatwa. Mwenye kamyo mazima ya magendo anapita usiku. Na hakuna kiwanda kinachojengwa juu ya katazo la miezi 12. Mutu mwenye kuweka feza yake ku mashini anahesabu miaka 10.

Ku unga jambo linauma zaidi. Bukari yetu, kwa sehemu kubwa, inategemea mahindi ya Zambia na ya mbali zaidi. Mwaka 2022 na 2023 mufuko wa kilo 25 ulipanda mpaka nyumba nyingi zikarudi ku mulo mumoja kwa siku. Mwezi wa 2 mwaka 2024 Zambia yenyewe ilitangaza ukavu kuwa balaa la inchi, na ilibidi itafute mahindi nje. Inchi yenye udongo kama wa Katanga, yenye mvua, inangojea kamyo. Hapa biashara ya nje ilituokoa na njaa, na papo hapo ilitulewesha: kila mwaka tunasema kamyo litafika, na kila mwaka tunalima kidogo.

UGONJWA WA DOLA NYINGI

Sasa tuingie mahali pagumu kidogo. Musomaji, usiruke, hapa njo kuna jibu la ulizo la yule baba.

Mwaka 1959 Uholanzi iligundua gazi nyingi katika udongo wake, kule Groningen. Feza zikaingia kwa wingi. Miaka ilipopita watu wakashangaa: inchi inatajirika, lakini viwanda vyake vya zamani vinazoofika na watu wanapoteza kazi. Mwaka 1977 gazeti moja la Uingereza likaupa ule ugonjwa jina la Uholanzi. Namna unavyoshika mwili ni hii. Madini ao gazi zinaleta feza nyingi za kigeni. Kununua vitu vya nje kunakuwa kwepesi. Papo hapo, katika muji wa madini, kila kitu kisichoweza kuletwa na kamyo kinapanda: kodi ya nyumba, kiwanja, mushahara wa dereva mwenye kujua mashini kubwa. Seremala hana nguvu ya kulipa kodi kama ile ya ofisi za kompani. Anafunga karakana, ao anahama pembeni ya muji. Meza inaletwa kutoka nje, imekwisha kutengenezwa.

Wenye kukaa Kolwezi hawahitaji profesa wa kuwaeleza hii. Waliiona mutaani.

Na ugonjwa una ndugu yake, kupanda na kushuka kwa bei. Ku katikati ya mwaka 2008 tani ya shaba ilikuwa kupita dola 8,000. Ku mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa chini ya 3,000. Tanuru ndogo nyingi za Lubumbashi na Likasi zilizimwa, na wenyewe wengine waliondoka bila kulipa mushahara wa mwisho. Kobalti vilevile: mwaka 2022 tani moja ilipita dola 80,000, na mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu na 21,000. Kwa sababu sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kupita 70 kwa mia, inatoka kwetu, Serikali ilisimamisha kuitosha inje mwezi wa 2 mwaka 2025, kiisha kutoka mwezi wa 10 ikaweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Bei ilipanda. Lakini mwenye kupakia mifuko ku depo, ambaye analipwa kwa siku, kwa miezi ile 8 alikula nini? Hilo halikuandikwa katika hesabu ya bei. Sisi tunaona Serikali ilikuwa na haki ya kupunguza mali yenye kuuzishwa bure. Ilikosa kuwaza wadogo wakati wa kungojea.

NINI INAWEZA KUBAKI HUKU

Usikate tamaa. Vitu vingine vimeanza kugeuka, na tunavitaja kwa sababu mutoto wako anaweza kupata njia hapo.

Kwa mufano tanuru. Mwaka 2020 Lualaba Copper Smelter ilifunguliwa karibu na Kolwezi. Ku mwisho wa 2025 Kamoa-Kakula nayo iliwasha tanuru yake, kubwa kuliko zote za Afrika, yenye uwezo wa tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Mbele ya hapo sehemu ya shaba ilikuwa inatoka katika unga wa mawe; yaani tulikuwa tunalipa kamyo kubeba udongo. Tena ile tanuru inatoa asidi, mpaka tani 700,000 kwa mwaka, na asidi njo migodi mingine inahitaji kwa kuyeyusha mawe yake. Ilikuwa inanunuliwa nje. Unaona? Kitu kimoja kilichokuwa kinavuka Kasumbalesa kinaanza kutengenezwa hapa, na kinahitaji wachomeleaji, mafundi wa mabomba, wapimaji wa labo. Si maelfu ya kazi. Tanuru za kisasa zinaendeshwa na watu wachache mbele ya vioo. Lakini ni kazi zenye ufundi, na ufundi hauibiwi mufukoni.

Battery za gari ni ndoto kubwa zaidi. Mwaka 2021 wachunguzi wa BloombergNEF walihesabu kwamba kiwanda cha kutengeneza unga wa battery, cha tani 10,000, kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, wakati Marekani kingehitaji karibu mara tatu ya ile feza. Mwezi wa 4 mwaka 2022 Kongo na Zambia zikatia sahihi mapatano ya kufanya ile kazi pamoja. Hesabu iko nzuri. Umeme njo uko haba. Waya kubwa ya Inga mpaka Kolwezi ilimalizwa mwaka 1982, na tangu pale migodi imeongezeka kuliko umeme.

Njia ya karibu zaidi, kwa mawazo yetu, ni ile isiyotangazwa sana. Kompani moja ya madini inanunua kila mwezi mavazi ya kazi, viatu, vyakula vya kantini, vipande vya chuma, meza, rangi, mifuko. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 juu ya sous-traitance inasema kazi hizo za pembeni zitolewe kwa kompani ambazo sehemu kubwa ya mali yake iko kwa Wakongomani. Sheria nzuri. Lakini imeleta na ujanja: mutu mwenye jina la Kikongomani anafungua ofisi ya meza moja, anapata soko la mavazi 2,000, anayaagiza yote Guangzhou, anayaleta na kutia sahihi. Kartasi iko ya hapa, cherehani iko kule. Kwa hesabu ya Serikali ni kazi ya mwenyeji. Kwa fundi wa Kenya ao Katuba hakuna hata kifungo kimoja alichoshona. (Kenya yetu ya Lubumbashi, wandugu, siyo inchi ya Nairobi.)

Wenye cherehani 10 wakijiunga wanaweza kuomba soko ambalo mumoja peke yake hawezi. Ila wajue kompani itauliza namba ya taksi, konte ya banki, na itauliza kama mavazi 500 ya wiki ya kwanza yatakuwa sawasawa na yale 500 ya wiki ya pili. Hapo wengi wetu tunaanguka, si kwa kukosa akili, ila kwa kukosa kipimo. Shule za ufundi za Kanisa na zingine zinaweza kufundisha jambo hili pamoja na kushona kwenyewe. Musimamizi wa parokia akitafuta kazi ya kufanya na vijana, hii ni moja.

Kiisha kuna feza yenyewe ya madini. Kode iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kompani itoe redevansi: 3.5 kwa mia ku shaba, 10 kwa mia ku kobalti. Katika ile redevansi 50 kwa mia inakwenda kwa Serikali ya kati, 25 kwa provensi, 10 kwa mufuko wa vizazi vyenye kukuja, na 15 kwa komini, sekta ao sheferi ambamo madini yanatoka. Pembeni ya hiyo kuna 0.3 kwa mia ya mauzo yote ya kompani kwa miradi ya wenyeji, na komite yenye kuisimamia inapashwa kuwa na wajumbe wa wenyeji ndani yake. Kwa hiyo ile 15 haikai mbali Kinshasa. Inaingia ku konte ya komini yako, na burugumesta anayejibu juu yake unakutana naye njiani. Wababa na wamama wa shirika wanaweza kwenda kumuona pamoja, kwa heshima, na kumuuliza iliingia ngapi mwaka uliopita, ilinunua nini, na kwa nani. Kama ilinunua madawati ya masomo, muombe kuona kartasi: yalitoka kwa maseremala wa hapa, ao yalishuka ku kamyo lenye namba ya inchi ingine?